Meno ya Mwenziwe

Kwa miaka 26 nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo huku kusini, na mafaili niliyopitia yakipangwa moja juu ya jingine yangegusa dari. Sikutarajia kwamba nikishastaafu ningeletewa faili la mnyama. Lilikuja likizo iliyopita ndani ya begi la mjukuu wangu anayesoma jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: fotokopi zilizobanwa kwa pini, zimejaa michoro ya mifupa na Kiingereza kigumu. Tulikuwa barazani baada ya Alasiri, birika la kahawa kati yetu.

"Babu," akasema, "wewe umezoea ushahidi wa vipandevipande. Nihukumie hii."

Sisi wa Lindi hatuna haja ya kuelezwa dinosaria ni nini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, wakiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, na wazee wetu ndio walioshika majembe, kisha wakaibeba mifupa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Lakini mifupa ya Tendaguru ni ya miaka kama milioni 150 iliyopita, wakati majitu yenye shingo ndefu, ndio sauropodi, yalikwishaenea duniani. Huyu wa mjukuu wangu ni mkongwe zaidi. Umri wake unazidi miaka milioni 180, enzi ambazo ukoo huo ulikuwa ndio kwanza unaanza kuwa mkubwa. Wala si wa kwetu. Alitoka Zimbabwe, kwenye kisiwa kimoja cha Ziwa Kariba.

Na kisiwa chenyewe zamani hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima katika bonde la Zambezi, hadi bwawa la Kariba lilipojengwa miaka ya 1950 na maji yakapanda. Watonga wapatao 57,000 wa ng'ambo zote mbili za mto walihamishwa, mashamba na makaburi ya wazee wao yakabaki chini ya ziwa. Vilele vya vilima vikageuka visiwa. Mwaka 1969 mkazi mmoja wa Kariba akaona mifupa imechomoza kwenye mteremko wa kimojawapo. Wataalamu wakachimba mwaka huo na mwaka uliofuata, na mwaka 1972 mtaalamu aitwaye Michael Raath akamtangaza mnyama mpya kwa jina la Vulcanodon karibaensis.

Nikavaa miwani, nikaanza pale nilipozoea kuanzia, kwenye orodha ya vielelezo. Fupanyonga. Pingili 12 za mwanzo wa mkia. Mguu wa nyuma pamoja na wayo wake. Sehemu za mkono wa mbele. Shingo haipo. Kichwa hakipo. Ila kulikuwa na vipande tisa vya meno, vimelala karibu na fupanyonga, membamba kama kisu, kingo zake zina vijino vidogo kama vya msumeno.

Jina lilitoka hapo. Vulcanus alikuwa mungu wa moto wa Warumi, ndiye aliyezipa volkano jina, na mifupa ile ilikutwa katika mchanga uliogeuka jiwe kati ya matabaka ya lava. Odoni ni jino. Basi mnyama akaitwa, kwa maana yake, Jino la Volkano.

Nikamwambia mjukuu wangu kwamba mpaka hapo sioni kosa la hakimu. Mwili uko pale, meno yako pale, jiwe ni lile lile. Ungekuwa wewe ungesemaje? Raath alisema meno ni ya mwenye mwili. Na kwa kuwa meno ya kukata nyama hayaingii katika kinywa cha sauropodi, ambao ni wala majani, akamweka mnyama wake kwa prosauropodi, jamaa wa awali wa ukoo huo, ambao wakati ule wataalamu kadhaa waliamini kwamba nyama pia walikula. Hukumu ilikuwa na mantiki. Kila kipande kilishika mkono wa kipande kingine.

"Sasa fungua ukurasa wa mguu," akasema.

Mchoro wa wayo niliutazama muda mrefu kuliko yote. Katika wayo wa mnyama kuna mifupa mitano mirefu inayotangulia vidole, kama ile unayoipapasa juu ya mguu wako mwenyewe unapovua kiatu. Kwa prosauropodi, ule wa tano, wa upande wa nje, umesinyaa. Ni kijiti kifupi tu, hakibebi kitu. Kwa Vulcanodon mfupa wa tano ni mrefu karibu sawa na wenzake. Maana yake uzito ulishuka mpaka ukingo wa nje wa wayo, kama uzito wa paa unavyoshuka kwenye nguzo ya pembeni. Mkono wa mbele nao ulikuwa mrefu ukilinganishwa na mguu wa nyuma, kwa hiyo huyu alitembea kwa minne, miguu imenyooka. Mwaka 1975 mtaalamu mwingine, Cruickshank, aliushika mfupa huo wa tano akasema huyu si prosauropodi, huyu ni sauropodi, tena miongoni mwa wa mwanzo kabisa tunaowajua.

Lakini sauropodi mwenye meno ya msumeno ni kama mbuzi mwenye meno ya chui. Shauri likabaki hivyo mpaka 1984, mtaalamu Michael Cooper alipoyapitia upya mabaki yale yale na kusema neno ambalo mtu yeyote wa kijijini angeweza kulisema kama angeulizwa: meno si yake. Ni ya dinosaria mla nyama. Wala nyama wale waling'oka meno na kuota mengine maisha yao yote, na penye mzoga ndipo yalipodondoka. Inaelekea mmoja wao alikuja kula, akaacha meno karibu na nyonga, akaenda zake.

Hapo niliiweka kahawa chini. Kumbe aliyeliwa amepewa jina la meno ya mlaji. Kilichokutwa karibu zaidi na mwili wake hakikuwa chake, kilikuwa cha adui yake. Na si yeye peke yake. Cooper huyo huyo, mwaka huo huo aliomvua meno, aliunda familia ya kuwaweka yeye na jamaa zake, na kwa desturi ya fani familia ikachukua jina la mmoja wao: Vulcanodontidae. Ukoo mzima ukaitwa kwa meno ya mgeni. Siku hizi wataalamu wengi wameiacha familia hiyo, lakini Vulcanodon mwenyewe bado yupo kwa jina lake.

"Kwa nini wasimbadilishie?" nikauliza.

Mjukuu akanieleza sheria yao. Jina la mnyama halifungwi kwenye maana yake, hufungwa kwenye mifupa. Raath alipoandika Vulcanodon aliichagua mifupa ile, ikapewa namba ya makumbusho, QG 24, na tangu siku hiyo jina ni la mifupa hiyo hata kama kila alichosema juu yake kitakuja kuonekana si kweli. Jina hubadilishwa kwa sababu nyingine, kwa mfano likiwa limekwishatumika. Tendaguru tunao mfano. Mwaka 1908 mtaalamu Eberhard Fraas alimwita mmoja wa majitu yetu Gigantosaurus, bila kujua kwamba Uingereza jina hilo lilikwishatolewa mwaka 1869. Baada ya mizunguko mingi, mwaka 1991 akaitwa Janenschia. Lakini kosa la maana halivunji jina. Nabii Adamu alifundishwa majina, sisi wanawe tumebaki kuyakisia, na sheria ya hawa watu inalijua hilo: inakuruhusu ukosee, mradi usipoteze mfupa uliokosea juu yake.

Kiswahili kilinichoma hapo. Mfupa ule ambao jina limefungwa kwake, mjukuu wangu anauita kielelezo. Na gunia la korosho lililowahi kuletwa mbele ya meza yangu, nami kwa mkono wangu niliandika kielelezo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 80. Magunia mawili yalipotea katika ghala la chama cha msingi. Yakakutwa nyuma ya jiko la mkulima mmoja, yamefunikwa makuti. Alisimama mbele yangu akasema, "Mheshimiwa, sijui yamefikaje." Hilo kila mshtakiwa husema. Nikawauliza washauri wangu wawili wa mahakama, wote wakasema ana hatia. Nikampa miezi sita. Korosho hazisubiri mvua, kwa hiyo nilikwishaamuru magunia yarudishwe chamani, yakafunguliwa, yakauzwa.

Kuna jambo moja nililiona. Magunia ya ghala yalishonwa midomo kwa uzi wa katani. Haya mawili yalikuwa yamefunguliwa na kushonwa upya kwa uzi wa nailoni wa kijani, ule wa kutengenezea nyavu, kwa mshono mfupimfupi wa mtu ambaye mkono wake umezoea. Mshtakiwa hakuwa mvuvi, hata mtumbwi hakuwa nao. Niliandika pembeni mwa daftari langu maneno matatu, "uzi wa kijani", sikumuuliza yeye wala shahidi yeyote. Ule ndio uliokuwa mfupa wangu wa tano. Ulikuwa pale, mrefu kuliko ulivyopasa kuwa, nami nikauruka nikaenda kwenye meno.

Baada ya miaka miwili mvuvi mmoja aliyekuwa akiumwa sana alimwita imamu akamwambia kwamba magunia yale aliyaficha yeye. Aliogopa upekuzi, akayatupa nyuma ya jiko la jirani. Imamu alinifuata baada ya sala ya Ijumaa, akaninong'oneza, na mvuvi akafariki wiki ile. Yule mkulima alikwishamaliza kifungo chake. Nilimtumia salamu za pole kupitia kwa imamu. Basi.

Nilijifariji kwa fundisho ambalo kila aliyesoma kidogo chuoni analijua: hakimu akijitahidi akapatia ana thawabu mbili, akijitahidi akakosea ana moja. Na masheikh wetu hutuambia kwamba mwanadamu huhukumu kwa kilicho dhahiri, ya siri anayajua Mungu. Dhahiri yangu ilikuwa magunia mawili chini ya makuti. Kwa zaidi ya miaka 30 nimelala juu ya thawabu hiyo moja.

Swali ambalo fotokopi za mjukuu wangu zilinirudishia ni hili: anayekosea kwa nia safi, amemaliza? Nimelizungusha kichwani miezi mingi na sasa naona kwamba nililichanganya fundisho. Thawabu moja ni habari kati ya hakimu na Mola wake. Haisemi kitu juu ya aliyehukumiwa. Tumefundishwa pia kwamba haki ya Mungu Mungu husamehe, lakini haki ya mja humsubiri mja mwenyewe. Nia safi inaweza kumtoa mtu dhambini isimtoe kwenye deni.

Mjukuu akacheka. "Basi Raath naye ana deni kwa Vulcanodon?"

Nikamkumbusha kwamba katika mafundisho yetu siku ya hesabu hata mbuzi asiye na pembe atalipiwa haki yake kwa mwenye pembe. Akasema angependa kumwona sauropodi akisimama siku hiyo kudai jina. Tulicheka sote, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu niliona Raath atajibu nini. Atasema: ndiyo, nilikupa meno ya mwenzio. Lakini niliyaandika ni mangapi, nikaandika yalilala wapi, nikayachora, nikayahifadhi pamoja na mguu wako, na aliyekuja kuniumbua aliniumbua kwa ushahidi wangu mwenyewe.

Hapo ndipo tulipoachana Raath na mimi. Wote wawili tulihukumu kwa ukaribu: kitu kimekutwa kando ya mtu, basi ni chake. Wote tulikuwa na kiungo kilichokataa, yeye mfupa, mimi uzi. Lakini yeye alihifadhi hata kile kilichompinga. Mimi niliuza. Angetokea Cruickshank wangu baada ya miaka mitatu, angeshika nini? Magunia yalikwenda, korosho zilikwenda, uzi ulitupwa jaani. Maneno matatu pembeni mwa daftari si kielelezo.

Kwa hiyo naamini jitihada ya hakimu haikomi anapotoa hukumu. Kufikiri sana kabla ya kusema ni nusu yake. Nusu ya pili ni kuiacha njia ya kurudi iwe wazi, kwa ajili ya mtu usiyemjua, atakayekuja usipokuwepo, akiwa na macho mazuri kuliko yako. Anayeamua kwa nia safi kisha akaifuta njia hiyo hajajitahidi, amejiamini tu. Nasema hivi kwa mzazi anayempa mtoto wake jina la mwizi kwa shilingi iliyopotea, na kwa jirani anayejua mchawi ni nani kwa sababu bundi alitua kwenye paa fulani. Sote tunatoa hukumu kwa vipande, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuletewa mwenzake mzima. Kinachotutofautisha ni tunavyovitunza vipande vile ambavyo havikukaa sawa.

Tendaguru yenyewe inanipa mfano. Mwaka 1929 Janensch aliupeleka mkia mmoja kwenye faili la yule Gigantosaurus wa Fraas, akaamini ni wa mnyama huyo huyo. Ukakaa Berlin miaka 90 kwa jina lisilo lake. Vita vya pili vilipita, mabomu yakaharibu baadhi ya mifupa ya Tendaguru, mkia ukasalimika. Mwaka 2019 wataalamu wakaupima pingili kwa pingili, wakaona hauna uhusiano na faili lile, wakaupa jina lake wenyewe: Wamweracaudia keranjei. Wamwera ni watu wa huku kwetu, na Mohammadi Keranje alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa uchimbaji ule. Rufaa ya miaka 90 imesikilizwa, tena mtu wa Lindi akapata kutajwa. Ile mifupa iliyopigwa bomu haitasikilizwa kamwe.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu sikuweza kuendelea kukaa barazani. Nilipanda basi dogo hadi kijijini kwa yule mkulima. Nilipouliza nyumba yake kwa jina nililoliandika kwenye faili, kijana wa bodaboda hakunielewa. Kisha akasema, "Ahaa, Mzee Magunia!"

Nilimkuta anabangua korosho chini ya mwembe, vidole vyeusi kwa utomvu. Amezeeka kuliko mimi. Alinijua kabla sijajitambulisha. Nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote, mpaka uzi wa kijani, nikamwomba radhi. Alibangua kama korosho kumi hivi bila kusema kitu. Kisha akasema habari ya mvuvi aliisikia zamani, kila mtu aliisikia, lakini jina lilikwishamshika.

Nikamwambia nitakwenda kwa mwenyekiti, nitawaambia watu waache kumwita hivyo.

"Jina liache, mheshimiwa," akasema. "Wajukuu zangu shuleni wanaitwa wa Magunia. Ukilitoa hawatajulikana. Wewe waambie tu magunia hayakuwa yangu."

Hakuwahi kusikia habari za Kariba, lakini alichonitaka nikifanye ndicho alichofanya Cooper: jina libaki kwenye mifupa, meno yaondolewe.

Ijumaa iliyofuata nilirudi. Baada ya sala imamu wa sasa, kijana, alinipa nafasi nisimame. Nilieleza kesi kama ninavyosoma hukumu: lini, magunia mangapi, yalikutwa wapi, nani alisema nini. Nikasema nilikosea. Nikaeleza uzi, rangi yake na mshono wake, na kwamba mshtakiwa hakuwa mvuvi. Mzee Magunia alikuwa safu ya pili, anatazama mkeka.

Nilipomaliza, mzee mmoja wa nyuma akanyanyua mkono. Sikumtambua mara moja. Alikuwa mmoja wa wale washauri wangu wawili.

"Uzi ule wa kijani," akauliza, "uliuona na wewe?"

Nikasema ndiyo, niliuona.

Akakaa kimya kidogo. "Basi tuliuona wote," akasema.